Maswali ya Wasomaji: Kamera Nyepesi za Kutega Milimani

SWALI: Ndugu Mhariri, ninaishi Salt Lake City, jimbo la Utah, Marekani, na mwaka huu ninakusudia kuwinda elki, aina ya kulungu mkubwa, kwa upinde katika milima ya Uinta, mwendo wa siku nzima kwa miguu kutoka mahali pa kuegesha gari. Ningependa kutega kamera tatu, zile zinazofungwa porini na kupiga picha zenyewe mnyama anapopita, kabla ya msimu kuanza, ila begi langu ni zito tayari. Nichague kamera za namna gani?

JIBU: Ndugu msomaji, kabla ya mizani itazame kalenda. Utah imepiga marufuku kutumia kamera za kutega katika uwindaji wa wanyama wakubwa kwenye ardhi ya umma kuanzia tarehe 31 Julai hadi 31 Desemba, na sehemu kubwa ya Uinta ni msitu wa umma. Theluji nayo huchelewa kuyeyuka kwenye njia za juu, mara nyingi hadi mwishoni mwa Juni. Kamera zako, basi, zitafanya kazi wiki tano hivi, nawe utazibeba mara mbili, kupanda na kushuka. Sioni sababu ya kununua kamera kubwa iliyoundwa kukaa porini miezi mingi. Iache pia ile inayotuma picha kwa simu, kwani mabonde mengi ya huko hayana mtandao, na kamera inayohangaika kuutafuta humaliza betri bure.

Betri ndizo zinazolemea. Kwa kamera inayotumia betri nane za AA, zile za kawaida za alkalaini zina takriban gramu 185, ilhali nane za lithiamu zina gramu 120 hivi. Kwa kamera tatu utakuwa umepunguza karibu gramu 200, yaani uzito wa glasi moja ya maji. Za lithiamu ni ghali, lakini hustahimili baridi ya usiku wa milimani.

Usihadaike na megapikseli zinazotangazwa kwenye boksi, kwa kuwa mara nyingi ni programu ya ndani inayoikuza picha. Uliza badala yake kamera huchukua muda gani kupiga picha baada ya kumhisi mnyama. Kihisio chake hutambua tofauti ya joto kati ya mwili na mazingira, na humtambua vizuri zaidi mnyama anayekatiza mbele yake kuliko anayeijia moja kwa moja. Lakini anayekatiza hapotezi muda, na kamera inayochelewa kuitikia itakuletea mkusanyiko wa picha za makalio. Usiku kamera humulika kwa mwanga wa infraredi: ule wa nanomita 940 (kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga) hauonekani kwa macho, ingawa haufiki mbali kama ule wa 850 unaotoa wekundu hafifu. Kwa kamera iliyo hatua chache kutoka njia ya wanyama, mimi ningechukua wa 940.

Ielekeze kaskazini ili jua lisiipige usoni, ukate nyasi zilizo mbele yake, na safari ya kuziondoa kamera uipange kabla ya tarehe 31 Julai.