Binti Yangu Anataka Chinchila, Nami Naona Vigumu Kumkatalia

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 34 na ninaishi na binti yangu wa miaka 9. Baba yake aliondoka mwaka juzi, na tangu hapo mtoto amekuwa mkimya sana. Mwenzangu kazini anahamia nchi nyingine na hawezi kwenda na chinchila wake wawili (wale wanyama wadogo wa manyoya laini, jamii ya panya), wa kike, ndugu wa tumbo moja, wenye umri wa miaka 4. Amesema atanipa bure pamoja na kizimba na vyakula vilivyobaki. Nilimpeleka binti yangu kuwaona na, Shangazi, alicheka kama ambavyo sijamsikia akicheka muda mrefu. Sasa kila siku anauliza wanakuja lini. Nyumba yetu ni vyumba viwili, hupata joto mchana, nasi tuko nje hadi jioni. Sijawahi kufuga chochote. Mtoto huyu amepoteza mengi, naogopa kumkatalia. Mwenzangu anataka jibu baada ya wiki mbili. Niwachukue?*

*Mama wa mtoto mmoja*

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nilikwama pale uliposema amepoteza mengi. Nitarudi hapo. Lakini tuanze na joto, kwa sababu huenda ndilo litakaloamua kabla hatujafika kwenye mambo ya moyo.

Chinchila asili yake ni milima ya Andes, huko Chile na nchi jirani, kwenye baridi na hewa kavu, na Mungu alimvika kwa ajili ya huko. Katika kitundu kimoja cha ngozi yake huota nywele 60 hivi. Ndio ule ulaini uliomfanya binti yako acheke. Ndilo pia blanketi ambalo mnyama huyu hawezi kulivua. Kutokwa jasho kama sisi hawezi. Hustarehe kwenye nyuzi 15 hadi 20 za Selsiasi. Zikishapita 25 yuko hatarini, na hewa ikiwa na unyevu hatari huja mapema zaidi. Masikio yanakuwa mekundu, anajilaza akihema, na anaweza kufa siku hiyo hiyo. Feni peke yake haimwokoi, maana feni hutupoza sisi kwa kutukausha jasho, na yeye jasho hana.

Kwa hiyo kesho nunua kipimajoto, kile kinachohifadhi kumbukumbu ya kiwango cha juu kabisa cha siku. Kiweke pale pale ambapo kizimba kingekaa. Funga madirisha kama unavyoyafunga ukienda kazini, kisha usome kila jioni kwa siku saba. Kama kuna siku kimepita 25, jibu umelipata, nalo ni hapana. Kiyoyozi kingeweza kusaidia, lakini ni kiyoyozi cha kuwaka mchana kutwa, msimu mzima wa joto, ninyi mkiwa hampo, na umeme ukikatika awepo mtu wa kukimbia nyumbani. Jiulize kama unaye mtu huyo. Mimi nilivyokusoma, huna, na ndiyo maana tangu mwanzo wa jibu langu naegemea kukuambia ukatae.

Hata hivyo, tuseme chumba chako kina ubaridi kuliko unavyodhani. Bado nina neno.

Niliwahi kuachiwa chinchila wa rafiki yangu kwa wiki tatu. Nilidhani nitakuwa naye mapajani huku nasoma barua zenu. Siku ya kwanza nilimshika, akajitoa kwa nguvu, nikabaki na fungu la manyoya mkononi. Nililia, nikidhani nimemuumiza. Baadaye niliambiwa kwamba hiyo ndiyo kinga yake: akihisi amekamatwa, huyaachia manyoya ili amponyoke adui. Yaani mkono wangu wenye mapenzi, kwake ulikuwa mdomo wa mbweha. Basi nikaacha kumkamata. Kila jioni nilikaa sakafuni, kizimba kikiwa wazi, bila kunyoosha mkono. Usiku wa kumi na mbili alikuja akaweka vikono vyake viwili juu ya goti langu, akanusa, akaenda zake. Sijasahau hadi leo. Lakini nilikuwa mtu mzima, na nilisubiri usiku kumi na mbili kwa ajili ya kitu kilichodumu kama pumzi tatu.

Sasa turudi kwa binti yako. Alipoondokewa na baba yake, nadhani anachokitaka ni kiumbe cha kukumbatia ambacho hakitaondoka. Chinchila hapendi kukumbatiwa. Mbavu zake ni dhaifu, na mtoto akimbana kwa upendo anaweza kumvunja. Ataruka, atajificha nyuma ya kabati, atamkimbia. Sisi tunajua kwamba ni tabia ya mnyama anayewindwa. Mtoto wa miaka 9 ambaye tayari anajiuliza kwa nini aliachwa anaweza kusema moyoni, hata huyu hanitaki. Hilo ndilo linalonitia hofu kwa ajili yake kuliko kazi yote ya usafi.

Halafu kuna saa zenyewe. Chinchila hulala mchana na kuamka giza linapoingia. Binti yako akirudi shule wamelala, na kuwaamsha ni kuwatesa. Wakianza kuchangamka, muda si mrefu naye anatakiwa kitandani. Wewe ndiye utakayekuwa macho nao, na katika vyumba viwili utawasikia saa nane za usiku wakiruka kutoka ubao hadi ubao na kuguguna mbao.

Na miaka. Wanaotunzwa vizuri hufika 10, 15, wengine hata 20. Hawa wana 4. Binti yako anaweza kuwa ameshahama nyumbani kwenda kusoma huku wao wakiendelea kuruka usiku sebuleni kwako. Usimwambie mtoto kwamba ni wake na atawatunza yeye. Atasaidia, atajifunza, ila ahadi ni yako.

Kazi za kila siku hazimshindi mtu mwenye nia. Msingi ni nyasi kavu, safi, zisizo na ukungu, ziwepo usiku na mchana, pamoja na maji. Meno yao huota maisha yote, ya mbele na magego pia, na ni kutafuna nyasi kunakoyasaga. Peleti, yaani vipande vidogo vya chakula kilichoshindiliwa, ni kijiko kimoja au viwili kwa siku kwa kila mmoja. Zabibu kavu, karanga, biskuti, matunda matamu, mwambie mtoto mapema kabisa kwamba hapana, hata wakiomba kwa macho. Tumbo la chinchila halivumilii sukari na mafuta, na hana uwezo wa kutapika. Akikaa siku nzima bila kula wala kutoa kinyesi, hiyo ni dharura. Akitokwa udenda hadi kidevu kikalowa, mara nyingi meno yameharibika.

Kuoga ni kwa vumbi, kamwe si kwa maji, kwa sababu manyoya yale yakilowa hayakauki upesi na ukungu huingia kwenye ngozi. Hutumika unga laini sana wa mawe ya volkano, unaouzwa kwa kazi hiyo; mchanga wa kawaida ni mkwaruzo mtupu. Wanawekewa bakuli dakika 10 au 15, mara chache kwa wiki, kisha linaondolewa. Kizimba kiwe kirefu kwenda juu, chenye vidato vya mbao, na kusiwe na plastiki, maana wataila. Waya za umeme nazo wataziguguna.

Kabla hujasema ndiyo, mpigie daktari wa wanyama aliye karibu nawe na umuulize swali moja: umewahi kumtibu chinchila? Si kila daktari anayewajua mbwa na paka anayawezea magego ya mnyama huyu. Asipokuwepo anayeweza, hiyo ni sababu ya pili ya kukataa, na inatosha peke yake.

Sitaki uone kwamba nawachukia. Nawapenda, na historia yao huniuma. Waliwindwa kwa ajili ya manyoya, koti moja likila ngozi zaidi ya 100, hadi porini wakakaribia kwisha, na hadi leo wamo kwenye orodha ya wanyama walio hatarini kutoweka. Mwaka 1923 mhandisi wa migodi aitwaye Mathias Chapman alisafiri na chinchila 11 kutoka Chile hadi California, na inaaminika kuwa wengi wa wanaofugwa leo ni uzao wa wale wachache. Hawa wawili unaopewa wana bahati ya kuwa pamoja. Yeyote atakayewachukua asiwatenganishe.

Mwenzako naye usimwonee haya. Zawadi ya bure yenye miaka kumi ndani yake mtu ana haki ya kuikataa. Ukikataa, msaidie kumtafuta mwenye chumba cha baridi na usiku mrefu, hiyo nayo ni huruma.

Kwa binti yako, usiseme "tutaona". Watoto walioachwa hulijua neno hilo. Mweke karibu, mwonyeshe namba za kipimajoto, mwambie: "Nyumba yetu ina joto, wangeugua, na sisi hatutaki waugue." Mruhusu alie, na usimkimbizie kitu kingine cha kufidia jioni hiyo hiyo. Kaa naye tu. Baada ya miezi michache, kama bado anatamani kiumbe cha kubeba mikononi, niandikie tena tutazame mnyama anayependa kubebwa na anayeamka mchana.

Ila kabla mwenzako hajasafiri, mwombe jioni moja, giza likishaingia. Mpeleke binti yako, mkae sakafuni wote wawili, mikono mapajani, naye awawekee bakuli la vumbi. Watagaragara, watapinduka hadi hewa yote iwe nyeupe. Mwache acheke tena, nawe uwe karibu umsikie.

Shangazi