Presha chini ya 120: ile "robo" ya utafiti ni robo ya nini?

SWALI: Daktari, shikamoo. Mama yangu ana miaka 68. Ana presha ya muda mrefu na anameza dawa mbili kila siku. Hana kisukari na hajawahi kupata kiharusi. Akienda kliniki, kipimo chake cha juu hucheza kati ya 134 na 138, na daktari wake anasema inatosha. Lakini nimesoma kwamba utafiti mkubwa umethibitisha kuwa kushusha presha hadi chini ya 120 kunapunguza mshtuko wa moyo na kiharusi kwa asilimia 25. Nyumbani tuna mashine, ila nikimpima napata namba tofauti: leo 128, kesho 145. Je, tumwombe daktari aongeze dawa ya tatu? Na hiyo asilimia 25 inahesabiwaje?

JIBU: Marahaba. Swali lako la mwisho ndilo linalobeba mengine yote, kwa hiyo naanza nalo.

Utafiti uliousoma bila shaka ni SPRINT, uliofanyika Marekani na kutolewa mwaka 2015. Watu 9,361 wenye umri wa miaka 50 na kuendelea waligawanywa kwa bahati nasibu. Nusu yao walitibiwa hadi kipimo cha juu kishuke chini ya 120, nusu nyingine chini ya 140. Baada ya mwaka mmoja kundi la 120 lilikuwa na wastani wa 121, na kundi la 140 lilikuwa na wastani wa 136. Ili kufika huko, kundi la kwanza lilihitaji karibu dawa tatu kwa kila mtu, la pili karibu dawa mbili. Kwa hiyo mama yako, kwa namba zake na dawa zake mbili, anafanana sana na mtu wa kundi la 140.

Sasa tuangalie kilichopungua kwa robo. Watafiti hawakuhesabu mshtuko wa moyo peke yake wala kiharusi peke yake. Walifunga mambo matano katika fungu moja: mshtuko wa moyo, matatizo mengine ya ghafla ya mishipa ya moyo, kiharusi, moyo kushindwa kusukuma damu ipasavyo, na kifo kinachotokana na moyo au mishipa. Fungu hilo zima ndilo lililopungua kwa asilimia 25. Ukilifungua, unakuta kwamba nafuu kubwa ilikuwa sehemu mbili. Waliopata tatizo la moyo kushindwa walikuwa 100 katika kundi la 140 na 62 katika kundi la 120. Waliokufa kwa magonjwa ya moyo na mishipa walikuwa 65 upande mmoja na 37 upande wa pili. Mshtuko wa moyo na kiharusi navyo vilipungua, lakini kwa kiasi kidogo ambacho kingeweza kutokea kwa bahati tu. Kwa maana hiyo, ulichosoma kimechukua namba sahihi na kuibandika mahali pasipo pake.

Hapa sitaki unielewe vibaya. Kwamba kushusha presha kunaukinga ubongo, hilo halina shaka. Utafiti wa STEP uliofanyika China na kutolewa mwaka 2021 uliwachukua watu wa miaka 60 hadi 80, ukawashusha hadi kati ya 110 na 130, na kiharusi kilipungua kwa takriban theluthi moja. Ninachosema ni kwamba kila namba ina swali lake lililoizaa, na ukibadilisha swali, namba hiyo haikuhusu tena.

Tuingie kwenye hesabu yenyewe. Chukua watu 1,000 wa kundi la 140 na uwafuatilie mwaka mmoja: karibu 22 walipatwa na mojawapo ya yale mambo matano. Chukua 1,000 wa kundi la 120: walikuwa 16 au 17. Tofauti ni watu watano hadi sita, na hiyo ndiyo robo ya 22. Lakini data hizohizo zinakuruhusu kusema kwamba hatari ilishuka kutoka asilimia 2.19 kwa mwaka hadi 1.65, yaani nusu tu ya asilimia moja. Kauli zote mbili ni za kweli. Punguzo la robo bei halikuambii umeokoa kiasi gani mpaka ujue bei ilikuwa ngapi, na vichwa vya habari karibu siku zote hutaja punguzo na kuficha bei.

Kwa kipindi chote cha utafiti, kilichozidi kidogo miaka mitatu, ilibidi watu 61 watibiwe kwa lengo la 120 badala ya 140 ili mmoja wao aepuke tukio. Kuepusha kifo kimoja kulihitaji watu 90. Mimi naziona hizi kuwa namba kubwa. Ni nadra kwa vidonge vya presha, katika muda mfupi hivyo, kuonyesha kupungua kwa vifo vya kila aina, na hapa vilipungua kwa asilimia 27. Utafiti ulisimamishwa kabla ya muda uliopangwa kwa sababu faida ilikuwa imejitokeza wazi. Ila ni kawaida kwa utafiti uliokatishwa mapema kuifanya faida ionekane kubwa kuliko ilivyo, nami huipunguza kidogo kichwani ninapozungumza na wagonjwa.

Ndiyo maana siwezi kukuambia mama atafaidika kiasi gani bila kujua hatari aliyo nayo sasa. Robo ile hubaki karibu robo kwa watu wengi, lakini hatari ya kuanzia hutofautiana sana. Kama hatari ya mama ni mtu mmoja kati ya 100 kwa mwaka, robo yake ni watu wawili au watatu kati ya 1,000. Kama ni wanne kati ya 100, kwa sababu labda figo zimechoka au mishipa ya moyo imeziba, robo hiyohiyo ni watu 10 kati ya 1,000.

Madhara hayafuati hesabu hiyo. Mtu mwenye hatari ndogo anameza kidonge kilekile na mwili wake unakabiliwa na athari zilezile. Katika SPRINT, kwa kila watu 1,000 wa kundi la 120, waliopata tatizo kubwa la ghafla la figo walikuwa 41, dhidi ya 25 katika kundi la 140. Presha kushuka mno kiasi cha kuwa tatizo kubwa: 24 dhidi ya 14. Kuzimia: 23 dhidi ya 17. Kuvurugika kwa chumvi za damu kama sodiamu na potasiamu: 31 dhidi ya 23. Jambo la kutia moyo ni kwamba kuanguka na kuumia hakukuongezeka, na wengi wa walioathirika figo zilirejea katika hali nzuri. Hata hivyo, hawa walikuwa watu waliokuwa wakipimwa damu na kufuatiliwa kwa karibu. Mgonjwa anayeongezewa dawa kisha akae miezi sita bila kuonwa na mtu yuko katika hali nyingine kabisa.

Je, mama yako angepokelewa katika utafiti ule? Umri wa 68 peke yake usingetosha. Walitaka mtu awe na ugonjwa wa moyo au mishipa, au ugonjwa wa figo, au awe na hatari iliyokokotolewa ya angalau asilimia 15 ndani ya miaka 10, au awe amefikisha miaka 75. Wenye kisukari na waliowahi kupata kiharusi hawakuchukuliwa. (Kwa wenye kisukari, jibu lilichelewa: utafiti wa ACCORD wa mwaka 2010 haukuonyesha tofauti ya kutosha katika fungu lake kuu, kisha utafiti wa BPROAD wa China, uliotolewa 2024 ukiwa na watu zaidi ya 12,000, ukaonyesha nafuu ya takriban asilimia 21.) Kwa hiyo muulize daktari wake: hatari ya mama kwa miaka 10 ijayo ni asilimia ngapi, na figo zake zikoje? Majibu ya maswali hayo mawili yana uzito kuliko makala kumi za habari.

Nimebakiza jambo ambalo kwangu ni zito kuliko yote: 120 ya SPRINT si 120 ya kliniki ya kawaida. Kule mgonjwa aliketi kimya dakika tano, mashine ikampima mara tatu yenyewe, na ukachukuliwa wastani. Sehemu nyingi mhudumu alikuwa ametoka chumbani. Linganisha na mtu aliyetoka tu kupanda ngazi, anahojiwa huku mkanda unajaa upepo, mkono unaning'inia. Namba ya pili mara nyingi huwa juu kwa milimita (kizio cha presha) 5 hadi 10. Inawezekana kabisa kwamba 136 ya mama kliniki ingesomeka karibu 128 kwa kipimo cha utafiti. Kumfukuzia 120 kwa kipimo cha haraka ni kumpa dawa nyingi kuliko walizopewa wenyewe wa SPRINT.

Na hapa ndipo 128 na 145 zako zinapopata maelezo. Mwaka 2024 watafiti wa chuo kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani walipima watu 133 katika mikao mitatu ya mkono. Mkono ukilazwa mapajani, kipimo cha juu kilipanda kwa karibu milimita 4 kuliko ukiegemezwa mezani usawa wa moyo. Ukining'inia, kilipanda kwa 6.5. Mwaka mmoja kabla, watafiti wa chuo hichohicho walionyesha kuwa mtu mwenye mkono mnene sana, anayehitaji mkanda mkubwa kuliko yote, akifungwa mkanda wa kawaida anasomeka juu kwa karibu milimita 20. Hiyo ni zaidi ya tofauti yote iliyokuwapo kati ya makundi mawili ya SPRINT! Angalia alama zilizochapishwa kwenye mkanda wenu, kisha pima mzunguko wa mkono wa mama katikati ya bega na kiwiko, uone kama unaingia humo.

Mpime hivi. Aende haja ndogo kwanza, na asiwe amekunywa kahawa ndani ya nusu saa. Aketi akiegemea kiti, miguu ikikanyaga chini bila kupishana, mkono mezani usawa wa moyo, mkanda juu ya ngozi na si juu ya nguo. Kimya dakika tano, nawe usimsemeshe. Pima mara mbili ukipisha dakika moja, asubuhi kabla ya dawa na jioni, kwa siku saba. Tupa namba za siku ya kwanza, chukua wastani wa zilizobaki. Wastani wa nyumbani wa 135 kwa 85 hulingana na 140 kwa 90 ya kliniki. Namba moja moja zitaendelea kupanda na kushuka, ndivyo presha ilivyo, na wala usizihangaikie.

Siku moja kati ya hizo, mpime ameketi, halafu asimame, umpime tena baada ya dakika moja na baada ya dakika tatu. Kipimo cha juu kikishuka kwa 20 au zaidi, au akihisi kizunguzungu, daktari alijue hilo kabla ya kufikiria dawa ya tatu. Mwulize pia mama kama anameza dawa za maumivu za aina ya ibuprofeni au diklofenaki. Wazee wengi huzitumia kwa magoti na hawazitaji kliniki kwa kuwa "si za presha", ilhali zinapandisha presha na kuzielemea figo. Nimewahi kuona namba zikishuka kwa kuondoa kidonge badala ya kuongeza.

Kuhusu daktari wake, hakukosea. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unataka chini ya 140 kwa 90 kwa mtu asiye na ugonjwa mwingine, na chini ya 130 kwa mwenye ugonjwa wa moyo na mishipa. Mwongozo wa madaktari wa moyo wa Ulaya wa 2024 unalenga 120 hadi 129 kwa wengi wanaotibiwa, ilimradi mgonjwa anazivumilia dawa. Kama wastani wa wiki ya nyumbani utakuwa chini ya 130, mimi nisingeongeza kitu. Ukiwa 130 na kitu na hatari yake ni kubwa, mazungumzo ya dawa ya tatu, au ya kuongeza dozi ya hizi mbili, yana msingi mzuri. Yakifikiwa, aanze kwa dozi ndogo, apimwe kreatinini (kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinafanyaje kazi) na potasiamu kabla, kisha tena wiki chache baadaye. Wakati huo wote asiache wala kupunguza dawa zake za sasa.