Uliza Nikujibu: Hospitali za askari wastaafu zinataka nini na damu za watu?

Barua za mwezi huu nyingi zimegusa jeshi, sijui kwa nini, labda wazee wetu wa vita vya Kagera wanazidi kuzeeka na watoto ndo wanaanza kuuliza. Nimechagua nne. Wale mlioandika kuhusu nguvu za kiume subirini toleo lijalo, sijawasahau.

SWALI: Shikamoo mama. Mdogo wangu alishinda grini kadi akaenda Marekani, huko akajiunga na jeshi lao, mkataba umeisha na sasa anatibiwa goti kwenye hospitali ya maveterani. Juzi kapiga simu anasema kapewa karatasi asaini, wamtoe damu ya utafiti wa vinasaba na wapate ruhusa ya kusoma faili lake lote. Mama yetu kusikia hivyo kalia, anasema mwanawe kafanywa panya wa maabara. Hivi hospitali ni ya kutibu au ya kufanyia majaribio? *Kaka mtu, Igoma*

JIBU: Marahaba baba. Mwambie mama afute machozi kwanza, halafu msomee hii taratibu.

Kwa maelezo yako inaonekana ni mradi wao mkubwa unaoitwa Million Veteran Program, ulianza 2011 na mwaka 2023 ukafikisha watu milioni moja. Wanachukua damu kidogo, wanamjazisha maswali kuhusu maisha yake, jeshini alifanya nini, anavuta sigara au havuti, analala vipi, halafu wanaomba ruhusa ya kuangalia faili lake la hospitali miaka inavyokwenda. Damu inawekwa namba badala ya jina. Hapewi dawa yoyote ya kujaribiwa, kwa hiyo hilo la panya mama aliondoe kichwani. Akikataa, goti linaendelea kutibiwa vile vile. Ila na yeye asikae akisubiri kupigiwa simu aambiwe ana ugonjwa gani, lengo siyo kumpima yeye, wanatafuta kitu kinachoonekana kwenye watu laki na laki, mfano kwa nini huyu presha inampanda na mwenzake waliyekula naye kambi moja haipandi.

Sasa swali lako la hospitali ni ya nini, hapo ndo penye utamu. Baada ya vita kuu ya pili wanajeshi wao walirudi na TB kibao, na mwaka 1946 hospitali za maveterani zikishirikiana na jeshi la nchi kavu na la majini zikaanza kuijaribu dawa ya streptomycin kwa pamoja, hospitali nyingi, utaratibu mmoja. Wale waliougua TB hapa kwetu zamani wanaikumbuka sindano hiyo, matako yanauma wiki nzima. Kitu kilichowabeba ni kwamba zile hospitali, leo zipo kama 170, ziko chini ya usimamizi mmoja na mgonjwa hapotei, leo anaishi Texas kesho kahamia Alaska faili linamfuata, unaweza kumfuatilia mtu mmoja miaka thelathini. Linganisha na sisi tunaotembea na daftari la shilingi mia tano, likiloa mvua historia yako yote imekwenda.

Na siyo TB tu. Kule Bronx, New York, kulikuwa na mama mmoja mwanafizikia anaitwa Rosalyn Yalow, hospitali ya maveterani ilimpa chumba kilichokuwa stoo ya mafagio akakigeuza maabara. Yeye na daktari Solomon Berson wakagundua namna ya kupima vitu vidogo mno ndani ya damu, walianza na insulini, na wala hawakukata hatimiliki ili wapige hela. Yalow alipata Nobeli 1977, Berson alishafariki 1972 na Nobeli hawapewi marehemu. Ukienda hospitali ya Bugando leo ukapimwa homoni za tezi ya shingo, ujue njia ya kupima homoni kwenye damu ilifunguliwa kwenye stoo ile.

Hofu ya mama lakini siiiti ujinga. Marekani hiyo hiyo, pale Tuskegee, kuanzia 1932 hadi 1972 idara ya afya ya serikali iliwaacha wanaume weusi wenye kaswende bila tiba ili waangalie ugonjwa unavyokwenda, hata penisilini ilipokuwa imeshapatikana. Siyo mradi huu wa mdogo wako, ni kitu kingine kabisa, ila mtu mweusi akiulizwa damu kule akasita ana haki ya kusita. Asome karatasi yote, aulize sampuli itakaa wapi na nani ataiona, na kama siku akitaka kujitoa anamwambia nani. Akiridhika asaini, asiporidhika aache, ni mtu mzima.

SWALI: Shikamoo mama, mimi ni binti wa mzee aliyepigana Kagera 1978 hadi 79, tupo Sengerema. Baba ana presha, alipewa vidonge vya kukojoza na vingine, ila anakunywa akijisikia kuumwa kichwa tu, siku nyingine anasema mimi ni mwanajeshi bwana sina tatizo. Pili usiku anapiga kelele, anataja majina ya wenzake waliokufa, anaamka jasho linamtoka, mama kahamia chumba kingine. Nimesoma kuna dawa ya presha ambayo Wamarekani wanawapa maveterani wao inaondoa ndoto za vita. Naomba jina niinunue duka la dawa. *Binti wa mzee, Sengerema*

JIBU: Marahaba mwanangu. Umeniletea magonjwa mawili kwenye bahasha moja, na yote mawili yamepita kwenye hospitali hizo hizo nilizomwandikia kaka wa Igoma.

Presha kwanza. Miaka ya sitini madaktari wengi walikuwa na wasiwasi kama kuna maana kumpa dawa mtu ambaye haumwi, yaani walifikiri kama baba yako. Daktari Edward Freis wa hospitali ya maveterani ya Washington akawakusanya wanaume kutoka hospitali kadhaa, nusu wakapewa dawa, haidroklorothiazaidi ambayo ndiyo hiyo ya kukojoza pamoja na nyingine mbili, nusu wakapewa vidonge vitupu visivyo na dawa ndani, hakuna aliyejua kapewa kipi. Kundi la kwanza walikuwa 143, namba yao ya chini ya presha ni kati ya 115 na 129, na majibu yalitoka 1967. Waliokula vidonge vitupu, 27 walipatwa na mambo makubwa, moyo, figo, damu kuvuja kichwani. Waliokula dawa, wawili. Mambo yakawa wazi mpaka kundi lile likasimamishwa mapema. Mwaka 1970 yakaja majibu ya wengine 380 ambao presha yao haikuwa imepanda sana kama ya hao, na wao dawa ikawasaidia.

Sasa sikiliza hii mwambie mzee, atacheka. Freis alikuwa anawajua wanajeshi, mtu anakwambia nimekunywa afande kumbe vidonge viko chini ya godoro. Kwa hiyo kabla ya kuanza aliwapa vidonge vyenye vitamini fulani ambayo ukiimeza mkojo unang'aa ukiumulika kwa taa maalum, wakija kliniki wanahesabiwa vidonge vilivyobaki na mkojo unamulikwa. Wasiokuwa waaminifu walitolewa kabla hata utafiti haujaanza. Baba yako angetolewa siku ya kwanza. Dawa ya presha hainywewi kichwa kikiuma, inanywewa kila siku, hata ukijiona mzima. Mpeleke kliniki apimwe upya, mwambie daktari ukweli kwamba amekuwa anaruka dozi, asije akaongezewa dawa bure akidhaniwa zile hazimfanyii kazi.

Ndoto sasa. Jina la dawa ni prazosini, na hapa nakwambia usiende duka la dawa. Ilianza vizuri sana, daktari mmoja wa maveterani kule Seattle aliona wagonjwa wake waliopigana Vietnam wanalala, tafiti ndogo zikaonyesha matumaini, watu wakaipenda. Halafu wenyewe kwa wenyewe wakafanya utafiti mkubwa, hospitali 13 za maveterani, watu 304, majibu yakatoka 2018 na prazosini haikukishinda kidonge kitupu. Mimi kitu hiki ndo kinanifanya niwaheshimu, wazo la dawa hii kwa ndoto lilikuwa lao, wanaipenda, wakaichunguza ikashindwa na wakachapisha hivyo hivyo. Wapo madaktari wanaoitumia bado kwa baadhi ya watu, ila inashusha presha, na mzee ambaye dawa zake za presha anazinywa kwa kuruka ruka ukimwongezea na hiyo ataanguka chooni usiku.

Kinachosaidia zaidi ni mazungumzo na mtu aliyesomea, siyo ya kumwambia sahau mzee yamepita, kinyume chake, anasimulia lile tukio lenyewe mara nyingi, kidogo kidogo, mpaka lipungue makali. Njia hii walijaribu kwa wanajeshi wanawake 284, majibu 2007, ikafanya vizuri kuliko ushauri wa kawaida wa kuzungumzia matatizo ya leo. Bugando wana idara ya magonjwa ya akili, na najua jina hilo litamfanya baba yako agome. Usimwambie akili, mwambie ni kliniki ya usingizi, Mungu atanisamehe, akishakutana na mtaalam ataelezwa vizuri. Na mama arudi chumbani basi, hata kitanda cha pembeni, mzee akiamka akute mtu.

SWALI: Mama habari za kazi. Mimi nauza dagaa Mwaloni. Kwenye kliniki yangu kuna utafiti, nimeombwa niingie, karatasi kurasa nyingi. Sasa anayeniomba ni daktari huyo huyo anayenitibu, nikikataa si atanichukia? Halafu si walisema tafiti za maana zinafanyika kwa wazungu huko? *Mama dagaa, Kirumba*

JIBU: Nzuri dada. Nianze na la mwisho maana limeniuma kidogo. Wewe unakaa Mwanza, mji ambao dunia nzima ya ukimwi inaujua kwa utafiti. Kati ya 1991 na 1994 jamii 12 za mkoa huu zilishiriki, baadhi ya vituo vya afya na zahanati vikaboreshewa tiba ya magonjwa ya zinaa, wahudumu wakafundishwa, dawa zikawepo, na huko maambukizi mapya ya virusi yakapungua kwa kama asilimia 40 ukilinganisha na kwingine. Yakachapishwa 1995. Walioshiriki ni watu wa vijijini na wavuvi wa ziwa hili, siyo wazungu. Wenzetu wa Rakai, Uganda, ng'ambo ya ziwa, wao walijaribu kugawa dawa za magonjwa ya zinaa kwa watu wote kwa mpigo, na majibu yao ya 1999 hayakuonyesha upungufu wa maambukizi mapya ya virusi. Wataalam walibishana miaka juu ya hilo. Ndo maana utafiti mmoja hautoshi na wanakuja tena kwako na karatasi.

La kumwogopa daktari ni zito na nimelitaja la maveterani makusudi, maana ni tatizo lao kubwa kuliko letu. Mwanajeshi amefundishwa kusema ndiyo afande, halafu hospitali ndiyo hiyo hiyo inayomtibu, atakataaje? Mwaka 1999 serikali ya Marekani ilisimamisha tafiti zote za hospitali ya maveterani ya West Los Angeles kwa sababu ulinzi wa wagonjwa wanaoshiriki ulikuwa na kasoro, pamoja na suala la ridhaa. Hospitali kubwa, yenye majina, ikafungiwa tafiti zake.

Hapa kwetu utafiti wa afya lazima upite kamati ya maadili, ya taifa iko chini ya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, na kama ni dawa mpya inayojaribiwa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, nao lazima waruhusu. Fomu inatakiwa iwe Kiswahili, unapewa nakala yako, na kama husomi unasomewa mbele ya shahidi unayemwamini, ndipo unaweka dole. Omba uende nayo nyumbani. Kama kumkatalia daktari usoni ni kazi, mwambie mtu mwingine wa utafiti akueleze, nesi au karani, na jibu umpe huyo. Pale kwenye fomu kuna namba ya simu ya kamati, siyo ya daktari, ukikataa halafu ukaona unazungushwa kliniki, unapiga hiyo. Kama hiyo namba haipo kwenye fomu, usisaini.

SWALI: Mambo. Wakikutoa damu kwenye utafiti wanalipa bei gani kwa chupa? *Kijana, Musoma*

JIBU: Poa. Damu ya utafiti haiuzwi kwa chupa. Unarudishiwa nauli na fidia ya muda uliopoteza, kiasi kimeandikwa kwenye fomu na kamati imekikubali. Anayekuahidi pesa nyingi muulize kibali chake kiko wapi, na anayekwambia utoe wewe hela ili uandikishwe kwenye utafiti, huyo ni tapeli, mripoti polisi.