Baba anataka sheria, wewe unataka antropolojia

Mdogo wangu wa Katuba, nimekuelewa: moyo uko kwa antropolojia, somo la kuchunguza maisha na desturi za watu, pale Chuo Kikuu cha Lubumbashi, na baba anauliza utakula nini. Wangu aliuliza hivyo hivyo, mbele ya bukari (ugali) ikipoa.

Kabla ya kulipa minervali, yaani karo ya chuo, jipime. Chukua daftari, nenda kwa mama wauza makala (makaa ya kupikia) soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, asubuhi tatu mfululizo. Siku ya kwanza mimi niliuliza maswali kama polisi, nikafukuzwa. Siku ya pili nilisaidia kushusha magunia, na mama mmoja mwenyewe akanieleza kwa nini kopo la mteja fulani hulijaza mpaka linamwagika: aliwahi kumsaidia siku za matanga. Kama habari ya namna hiyo inakunyima usingizi, somo ni lako. Kama inakuchosha, msikilize baba. Mwanaantropolojia Johannes Fabian, aliyefundisha hapa hapa miaka ya 1970, alijifunza mengi kwa kukaa na mchoraji Tshibumba Kanda Matulu, wakiongea Kiswahili chetu hiki.

Kazi? Zipo, nyingi za mkataba mfupi: uchunguzi kwa ajili ya mashirika, mahusiano ya makampuni ya madini na vijiji. Kwa hiyo takwimu usizikimbie, hata zikikutoa jasho.

Ila machimboni usiende peke yako, wala bila barua ya chuo na ruhusa ya chifu. Na usirekodi mtu kwa siri.

Kwa baba, mtume mjomba kwanza.