Jibu: Fundi wa faiba akija, nisimamie nini?
Ndugu, umeuliza usimamie nini fundi wa faiba, yaani intaneti inayopita kwa mwanga ndani ya waya, akija kuifunga nyumbani. Mimi ningeanza na njia ya waya. Ndani yake mna uzi wa kioo mwembamba kama unywele; ukikunjwa sana kwenye kona, mwanga unavuja na intaneti inasuasua hata kama waya haujakatika. Kona iwe ya mviringo, na mlango au dirisha visiubane. Kwangu fundi aliupitisha chini ya mlango, na baada ya wiki chache taa nyekundu ya LOS kwenye kifaa, inayoonyesha mwanga haufiki, ikawaka. Iliniuma, maana nilikuwepo nikanyamaza.

Ruta, kile kifaa kinachorusha Wi-Fi, ikae katikati ya nyumba, si pale tu palipo rahisi kutoboa. Mwonyeshe mahali kabla hajashika drili.

Kabla hajaondoka, apime nguvu ya mwanga mbele yako. Kwenye GPON, aina ya faiba inayofungwa sana majumbani, kati ya -8 na -27 dBm (kipimo cha nguvu ya mwanga; ikikaribia -27 mwanga ni hafifu) kifaa kinapokea, lakini -26 ni ukingoni mno. Ikifika hapo, mwambie asafishe viunganishi vya waya apime tena. Kasi nayo ipimwe kwa kompyuta iliyochomekwa waya, si kwa simu kupitia Wi-Fi. Usisaini karatasi yake kabla ya hapo.