Tangazo kwenye kibanda cha daladala: chagua uso kabla ya kituo

Muuzaji wa nafasi za matangazo atakuletea orodha ya vituo vya Barabara ya Bagamoyo, Dar es Salaam: Morocco, Makumbusho, Sayansi, Bamaga, Mwenge. Ukichagua kwa jina la kituo umeshapigwa. Kibanda kimoja kina nyuso nne au tano, na kila uso una watazamaji wake. Akikutajia bei moja kwa zote, hapo ndipo pa kubishana.

Magari yetu hupita kushoto, kwa hiyo kwa walio ndani ya magari uso wenye thamani ni ule wa ubavuni, upande wa nje, unaotazamana na magari yanayokuja. Ukuta wa nyuma ni mkubwa na huvutia ukiwa kwenye karatasi, lakini jioni abiria wanaogombea gari huwa wamesimama mbele yake. Mkanda wa juu ya paa hauzibwi na vichwa, ila ni mwembamba: jina la duka na mshale, basi. Uso wa ndani ni wa anayesubiri. Huyo ana muda, mpe bei, namba ya WhatsApp, jina la jengo na ghorofa.

Kabla ya kusaini, nenda saa 1 asubuhi na tena saa 12 jioni. Simama mita 30 kabla ya kituo, piga picha kwa simu bila kuvuta karibu (zoom). Angalia hasa daladala ya pili inasimama wapi, maana ya kwanza husogea mbele na ya pili ndiyo inayoziba bango. Meza za wamachinga, bodaboda na tawi la mwarobaini utaviona kwenye picha hiyohiyo.

Upande wa barabara nao una maana. Asubuhi watu wanakwenda Posta na Kariakoo, jioni wanarudi Mwenge na Tegeta. Muuza fanicha, vyakula au simu anautaka upande wa kurudi, na duka lake liwe mbele ya kituo, upande uleule. Wachache watavuka barabara pana ile kwa sababu ya bango.

Kuhusu maandishi kuna kanuni ya zamani ya mabango: urefu wa herufi sentimita 2.5 kwa kila mita 3 za umbali. Kwa mita 30 ni sentimita 25. Paneli ya kawaida ni sentimita 120 kwa 180, hivyo mstari mmoja unabeba herufi saba au nane hivi. Gari la kilomita 50 kwa saa linamaliza mita hizo 30 kwa sekunde mbili na kidogo. Mwenye orodha ya huduma kumi na mbili aipeleke uso wa ndani.

Vibanda vingi vimechomelewa na mafundi tofauti, kwa hiyo pima kila kimoja. Pima uwazi unaoonekana na pia ukubwa kamili wa karatasi, kwa sababu fremu hula sentimita mbili tatu kila upande, na kinacholiwa mara nyingi ni namba ya simu. Faili liwe la CMYK (rangi nne za uchapaji), dpi (nukta kwa inchi) 100 hadi 150 kwa ukubwa halisi. Kama boksi lina taa, fleksi ya kawaida, yaani turubai la plastiki la mabango, haifai: inaonyesha mistari ya taa au inazuia mwanga kabisa. Agiza ya kupitisha mwanga, na fundi ajaribu kipande mbele ya taa kabla ya kuchapa zote. Uso unaopigwa na jua la magharibi uwekewe laminesheni ya kuzuia jua. Njano na nyekundu hufifia mapema, bango likabaki la bluu, na kuku wa kuchoma akaonekana kama katoka mochwari. Chapa nakala mbili za akiba. Stika za waganga hazibanduki bila kung'oa rangi.

Taa zikizimika, mara nyingi sababu ni LUKU, umeme wa kulipia kabla, imekwisha. Mkataba utaje nani ananunua umeme, nani anabadilisha taa, na ndani ya saa ngapi. Omba nakala ya kibali: barabara kuu ziko chini ya TANROADS, za mitaa chini ya TARURA, na ada ya bango ni jambo jingine tena. Uliza kama bei imeshajumuisha VAT ya asilimia 18. Ujenzi wa njia za mabasi ya mwendokasi awamu ya nne umepita barabara za Ali Hassan Mwinyi, Bagamoyo na Sam Nujoma, kwa hiyo weka kifungu cha kibanda kubomolewa au kuhamishwa: urudishiwe siku zilizobaki kwa fedha, au upewe uso wa aina ileile, kwa maandishi. "Tutakupa kingine" bila kutaja uso ni ukuta wa nyuma.

Dai picha zenye tarehe kila wiki, moja ya mchana na moja ya usiku. Malipo ya mwezi unaofuata yasubiri picha hizo.