Ringi Mpya Hazinyooshi Konrodi

Juma lililopita niliandikiwa na kijana mmoja, fundi wa huko Kayole, aliyeletewa gari aina ya Fielder iliyozimika ndani ya maji ya mvua. Anasema ametoa maji kwenye silinda, amebadilisha oili na plagi, na injini imewaka, ila silinda ya pili ina kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa, ndogo kuliko zile nyingine tatu. Sasa anataka kujua anunue ringi za aina gani, zile pete zinazoziba nafasi kati ya pistoni na silinda. Niliusoma ujumbe huo mara mbili, kisha nikakaa kimya kwa muda, kwa sababu swali hilo nililijibu vibaya mimi mwenyewe.

Ilikuwa Aprili 2024, mwezi ambao Nairobi ilifurika. Mzee mmoja aliyekuwa akisambaza mikate alituletea Probox yake ikivutwa kwa kamba, nami nikapima kompresheni, nikaona silinda ya tatu imeshuka, nikatangaza mbele ya wenzangu kwamba ringi zimekwisha. Niliitoa hedi, kifuniko cha juu cha injini, nikaishusha sampu, bakuli la oili la chini, nikazichomoa pistoni, nikaziosha kwa petroli hadi zikang'aa, nikavisha ringi mpya na kufunga kila kitu kabla ya jua kutua. Konrodi, vyuma vinavyounganisha pistoni na krankishafti, nilizitazama kwa macho tu, nikaziona zimenyooka. Kompresheni ilipobaki chini kidogo, nilimwambia mzee kwamba ringi bado hazijazoea silinda, naye aliniamini na kulipa pesa zote. Wiki ya tatu, akiwa Barabara ya Thika karibu na Roysambu, konrodi ya silinda ile ya tatu ilikatika na kutoboa bloku, kiwiliwili cha injini.

Mwenye gereji alinikata mshahara kwa miezi mitano ili mzee apate injini nyingine. Hilo lilipita. Kinachonichoma hadi leo ni kwamba wapo mafundi pale Grogan, mtaa wa vipuri vya magari Nairobi, ambao bado huniita Bloku.

Maji hayashindiliki kama hewa. Pistoni inapopanda huku vali zimefungwa na maji yapo juu yake, nguvu yote huishia kwenye konrodi, nayo hupinda, mara nyingi kwa kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona. Konrodi iliyopinda imefupika, kwa hiyo pistoni haifiki tena ilipokuwa ikifika, nafasi iliyo juu yake inaongezeka na kompresheni inashuka, hata kama ringi ni nzima kabisa. Baada ya hapo, injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, konrodi hiyo husukumwa na kuvutwa mara 50 kila sekunde pale pale ilipojikunja. Nilisoma dalili sahihi nikatoa jibu la ugonjwa mwingine.

Ushahidi wote nilikuwa nao mezani, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Juu ya silinda ya tatu, mkanda wa masizi ulikuwa mpana kuliko wa silinda nyingine, kwa kuwa ringi ya kwanza haikuwa ikifika kuufuta. Beringi za konrodi hiyo zilikuwa zimelika ukingo mmoja upande wa juu, na ukingo wa pili upande wa chini, na sketi ya pistoni, sehemu yake ya chini, ilikuwa na mikwaruzo iliyokwenda mshazari. Niliviosha vyote kwa petroli bila kujiuliza lolote. Fundi mwenzangu, soma kwanza, ndipo uoshe.

Siku hizi sifungi injini bila vipimo, na wanaosema ninachelewesha kazi waende kwa anayeharakisha. Pistoni huipima kwa maikromita kwenye sketi, upande unaokata mlalo wa pini kwa pembe mraba, kisha silinda huipima juu, katikati na chini, katika pande mbili. Ringi huisukuma ndani ya silinda kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa, nikapima mwanya wa ncha zake kwa fila geji, vile vibamba vyembamba vya kupimia nafasi: kwa silinda ya milimita 75, kama ya Probox ile, ringi ya juu hukaribia milimita 0.30, na mwanya ukiwa mdogo mno ncha hugongana injini ikipata joto. Vifuniko vya konrodi huvitia alama kabla ya kulegeza bolti, kwa kuwa kila kifuniko kilichongwa pamoja na konrodi yake na hakivai nyingine. Bolti zinazokazwa kwa pembe hurefuka kidogo, kwa hiyo sizirudishi kwa huruma ya mfuko wa mteja. Konrodi yenyewe huipeleka kwa fundi wa mashine, aiweke kwenye kipimo chake aangalie kama imepinda au imejisokota. Mwezi uliopita teksi moja ilinipa pistoni iliyokaa chini kwa milimita 0.8, mwenye gari alilalamikia gharama mpaka nilipomwonyesha konrodi mbili juu ya kioo, akanyamaza.

Basi, kijana wa Kayole, ringi usinunue bado. Toa hedi, usisugue masizi yaliyo juu ya silinda, zungusha krankishafti hadi kila pistoni ifike kileleni, kisha pima kwa daili geji, kile kipimo chenye mshale, umbali kutoka uso wa bloku hadi kichwa cha pistoni, katika sehemu ile ile kwa zote nne. Niandikie namba hizo nne, na ile ya silinda ya pili uirudie mara tatu.